Kichwa, uhitaji, mradi au mchango? Njia nne za kugawa fedha za shule jijini Mbeya

Kwenye ubao wa matangazo wa shule anayofundisha dada yangu, huko milimani ambako asubuhi ya Juni mtoto anaandika kwa mkono mmoja huku mwingine kaufumbata kwapani, kuna karatasi ambayo ukungu umeilegeza kona. Inasema fedha za uendeshaji zilizopokelewa mwezi huo ni shilingi 103,500. Chini yake kuna matumizi: chaki, karatasi za mitihani, kitasa cha mlango wa ofisi, nauli ya mwalimu kwenda halmashauri na kurudi. Nauli ndiyo iliyokula sehemu kubwa. Salio, shilingi 1,200.

Mwezi huohuo, kwenye shule ya mwanangu, si mbali na Mwanjelwa, karatasi kama hiyo ilisomeka shilingi 748,000. Ukiishia kwenye ubao utasema sisi wa mjini tumeneemeka. Sasa ingia darasa la tatu B. Watoto 118, dawati moja wanabanana wanne, na mwalimu hana pa kupita kwenda nyuma, kwa hiyo madaftari ya nyuma yanapitishwa kwa mkono juu ya vichwa hadi mbele, yanasahihishwa, yanarudi kwa njia hiyohiyo. Ukiangusha kalamu, ihesabu imekwenda.

Shule zote mbili zinalia, na zote mbili zina hoja. Nimekaa kwenye kamati ya shule kwa miaka minne, na kila msimu wa bajeti swali hili linarudi kwenye kikao cha kata: zile fedha ambazo jiji lenyewe linatenga kwa ajili ya shule, zigawanywe kwa utaratibu gani? Watu wanasema "kwa haki", wote wanapiga makofi, halafu kila mmoja anakwenda nyumbani na haki yake mfukoni. Naandika kwa ajili ya wajumbe wa kamati, wazazi na wenyeviti wa mitaa ambao wataulizwa tena mwaka huu na hawajui wanyooshee mkono upande gani.

Kwanza, nini kiko mikononi mwetu

Kapitesheni, yaani ruzuku ya uendeshaji kutoka Serikali Kuu, haiamuliwi Mbeya. Tangu MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ilipoanza mwaka 2002 kiwango kilichotajwa kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambazo wakati ule zilikaribia dola 10. Kati ya hizo, 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 zinashuka shuleni. Gawa kwa miezi 12, unapata shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Sekondari ni 25,000, nusu yake vitabu. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, fedha hizi ziliacha kupitia halmashauri zikawa zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Hilo lilikuwa jambo jema na nalisema bila kigugumizi, maana tuliokuwa tunasubiri kabla ya hapo tunajua.

Kinachobaki mezani kwetu ni mapato ya ndani ya jiji: ushuru wa masoko, stendi, leseni za biashara. Hayo hupangwa na baraza la madiwani, na kabla hayajafika huko hupita kwenye vikao vya mitaa na Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mbeya ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2005. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279, ya 2022 ikahesabu 541,603. Kata ziko 36, kuanzia zile zilizobanana kandokando ya barabara kuu ya Zambia hadi kata za milimani kama Mwasanga na Itagano, ambako mzazi ni mkulima wa viazi na mvua ikikolea bodaboda anakataa kupanda. Kwenye makaratasi zote ni shule za jiji.

Vigezo vya kupimia

Nimechagua vitano, na nitavitumia kwa kila njia. Je, mtoto mwenye mahitaji makubwa anapata zaidi? Je, mzazi wa kawaida anaweza kuikokotoa hesabu mwenyewe akiwa amesimama mbele ya ubao? Je, fedha inafika kwa wakati unaojulikana? Mlango wa kudanganya uko wapi? Na mwisho, inamfaa nani?

Kwangu mimi kigezo cha pili kina uzito kuliko wengi wanavyokipa. Utaratibu mzuri usiokokotoleka humfaidi anayeujua peke yake.

Ili tulinganishe kitu kimoja, tuchukue shule tatu za mfano. Ya mjini ina wanafunzi 1,500, na humo wamo 50 wenye ulemavu kwenye kitengo chao. Ya pembezoni, kwenye mitaa mipya inayojengwa kila kukicha, ina 800 na vyumba vinane vya madarasa. Ya mlimani ina 200. Jumla 2,500. Jiji limetenga shilingi milioni 50 kwa shule hizo tatu. Namba ni zangu za mfano. Weka za kata yako uone zinavyosema.

Njia ya kwanza: kwa kichwa

Milioni 50 kwa watoto 2,500 ni shilingi 20,000 kila mmoja. Mjini wanapata milioni 30, pembezoni milioni 16, mlimani milioni 4.

Uzuri wake uko kwenye kigezo cha pili. Bibi aliyeishia darasa la nne anaweza kuuliza "watoto wangapi?" na akajua kama ameibiwa. Hakuna cha kamati ya wataalamu, hakuna cha "tutawajulisha". Na kwa muda pia inafanya vizuri: ikishajulikana idadi, malipo yanaweza kupangwa kwa robo mwaka bila kusubiri mchakato.

Kwenye uhitaji ndipo inapochechemea. Shule ina gharama ambazo haziulizi watoto wako wangapi. Mlinzi ni mmoja, shule iwe ya watoto 200 au 1,500. Bati lililong'olewa na upepo linauzwa bei ileile, na mlimani unaongeza gharama ya kulipandisha. Mtihani wa majaribio lazima uchapwe hata kama darasa la saba wako 19. Ndiyo maana karatasi ya kule kwa dada yangu ilibaki na salio la shilingi 1,200. Mwalimu mkuu wake si mbadhirifu. Hesabu yenyewe haimjui. Upande mwingine, mtoto asiyeona anayehitaji karatasi nzito za nukta nundu anahesabiwa kichwa kimoja sawa na jirani yake anayetumia daftari la kawaida.

Ajabu ni kwamba Serikali yenyewe haitumii kichwa kwa kila kitu. Posho ya madaraka iliyoanza kulipwa 2016, shilingi 200,000 kwa mwezi kwa mwalimu mkuu wa msingi, ni ileile kwa shule kubwa na ndogo. Kwa hiyo anayewaambia kikaoni kwamba kichwa ndiyo njia pekee inayokubalika, mkumbusheni posho.

Mlango wa kudanganya hapa ni mwanafunzi hewa. Mwaka 2016, elimu bila ada ilipoanza, uhakiki nchi nzima ulikuta majina yasiyo na watoto. Shilingi 500 kwa mwezi haionekani kitu, lakini majina 100 kwa mwaka ni laki sita. Dawa yake ni nyepesi: siku ya kuhesabu, wazazi wawili wa kamati waingie darasani na rejista mkononi, waite majina.

Inafaa shule kubwa, shule zinazopokea watoto wapya kila muhula, na kata ambako imani kwa viongozi imelegea kiasi kwamba watu wanataka hesabu ya vidole tu.

Njia ya pili: kwa uhitaji

Hapa kila shule inapewa kwanza fungu la msingi la kuiwezesha kufungua milango, kisha kinachobaki kinagawanywa kwa vichwa vyenye uzito tofauti. Tuseme fungu la msingi ni milioni 5 kwa shule: milioni 15 zimetoka, zimebaki 35. Mtoto wa kawaida anahesabiwa mmoja, mwenye ulemavu anahesabiwa watano, na kila mtoto wa shule ya mlimani anahesabiwa mmoja na nusu.

Mjini vichwa 1,500 vinakuwa 1,700. Pembezoni wanabaki 800. Mlimani 200 wanakuwa 300. Jumla 2,800, na milioni 35 kwa 2,800 ni shilingi 12,500. Ukijumlisha na fungu la msingi, mjini wanapata milioni 26.25, pembezoni milioni 15, mlimani milioni 8.75.

Tazameni kilichotokea. Mlimani wamepata zaidi ya mara mbili ya ile milioni 4, na shule ya mjini imepunguzwa milioni 3.75, si kufilisiwa kama wengi wetu tunavyoogopa. Shule ya pembezoni haikuguswa sana, imepoteza milioni moja, na hiyo ndiyo shule yenye watoto 100 kwa chumba. Kwa hiyo njia hii inamwona mtoto wa mlimani na mwenye ulemavu, lakini haiuoni msongamano mpaka uupe uzito wake. Wapeni na hao uzito, na kitatokea cha kuchekesha: kila shule itakuwa na sababu ya kuwa maalumu, mwisho tumezunguka tukarudi kwenye kichwa.

Wazo hili halijatoka mbali. Ruzuku ya maendeleo kwa halmashauri iliwahi kugawanywa kwa kuangalia idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo, na Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo nao huchanganya vitu vya namna hiyo. Afrika Kusini wanapanga shule kwenye madaraja matano kulingana na umaskini wa eneo, na yale matatu ya chini hayatozi ada. Lawama inayosikika kule ni kwamba shule iliyo kwenye mtaa wa wenye nacho inaweza kujaa watoto wanaotoka mitaa maskini, na daraja linatazama mtaa, halimtazami mtoto. Hata hapa kwetu, kuna watoto wanapanda daladala kutoka Igawilo kuja kusoma katikati ya mji.

New York walianza mtindo wa vichwa vyenye uzito mwaka 2007. Chicago walianza kupeleka fedha kwa kichwa mwaka 2013, shule za mitaa iliyokuwa inapoteza watu zikanyauka, kwa sababu kila familia iliyohama iliondoka na fungu lake huku jengo na gharama zake vikibaki. Kuanzia mwaka wa masomo 2024/25 wakahamia kwenye kuihakikishia kila shule idadi ya msingi ya walimu na wafanyakazi. Nalitaja kwa sababu kata zetu za katikati nazo zinapungua watu polepole, nyumba zinageuzwa maduka, na familia zinahamia kwenye viwanja vya pembezoni.

Sasa kukokotoleka. Nilipompelekea mwalimu mkuu wetu hesabu hii, akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama, hii nikiibandika ubaoni, nani ataisoma?"

"Wewe utawaeleza, Mwalimu."

"Nitawaeleza mara ngapi? Na mwakani mkibadilisha uzito?"

Alikuwa na haki. Njia hii inasimama endapo tu uzito umeandikwa, hauzidi vitu vitatu, na haubadilishwi kila mwaka kumfurahisha mtu. Mlango wa kudanganya ni kwenye kuamua nani mhitaji. Ulemavu uthibitishwe na wataalamu, usiandikwe na mwalimu kwa macho. Umaskini unaweza kupimwa kwa orodha ya kaya za TASAF, mfuko wa Serikali wa kusaidia kaya maskini, ingawa kila mtaa una mtu atakayekuonyesha nyumba iliyomo na haikustahili, na nyingine iliyoachwa. Umbali kutoka lami ndicho kipimo nikipendacho zaidi, maana hakuna mwalimu mkuu anayeweza kuisogeza shule.

Kuhusu muda, taratibu kama hii huchelewa mwaka wa kwanza na kutulia baadaye.

Inafaa shule ndogo za milimani, shule zenye vitengo vya elimu maalumu, na jiji lililotandaa kama letu ambako kata moja ina taa za barabarani na nyingine ina njia ya punda.

Njia ya tatu: kwa mradi

Hapa fedha haigawanywi kabisa. Inakusanywa na kwenda kwenye pengo kubwa kuliko yote mwaka huo. Mwakani, pengo linalofuata.

Kwa mfano wetu, tuseme chumba cha darasa na madawati yake ni milioni 25. Milioni 50 zote zinajenga vyumba viwili kwenye shule ya pembezoni. Watoto 800 waliokuwa kwenye vyumba vinane, 100 kila chumba, sasa wako 80. Kiwango cha kitaifa ni 45, kwa hiyo wangehitaji vyumba 18 na bado wana safari. Mjini na mlimani wanapata sifuri.

Watu wanaipenda kwa sababu inaonekana. Darasa lina ukuta, unaweza kulipiga picha. Fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021/22 zilijenga vyumba 15,000 nchi nzima, 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi (zile ndogo zilizo chini ya shule mama), kila kimoja kwa milioni 20, na mwaka ule mliona wenyewe: kidato cha kwanza waliripoti Januari bila ile habari ya kusubiri awamu ya pili. Milioni 50 ukizitawanya kwenye shule 30 zinageuka chaki na vitasa. Ukizikusanya zinakuwa jengo litakalokuwepo mjukuu wako akianza shule.

Udhaifu wake ni nani anayepanga foleni. Kanuni zipo: vyumba kwa 45, matundu ya vyoo moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na upungufu wa kila shule unajulikana ofisi ya elimu. Foleni ikifuata upungufu, njia hii ni ya haki kuliko wapinzani wake wanavyosema. Ikifuata sauti ya diwani, au shule iliyo kando ya barabara wanayopita wageni, ndipo unapokuta shule moja imepakwa rangi mara mbili ndani ya miaka mitano na nyingine ina boma lililoishia kwenye lenta, majani yameota ndani, mbuzi wanajisitiri mvua. Mlango wa kudanganya ni mpana pia kwenye ununuzi: mchanga lori tatu zinaandikwa tano, saruji inahesabiwa jioni badala ya asubuhi. Kamati ya ujenzi isiyo na mtu anayelala jirani na eneo la kazi ni kamati ya karatasi.

Mzazi anaweza kuikokotoa? Gharama ya mradi ndiyo, ikibandikwa. Nafasi ya shule yake kwenye foleni, mara chache sana. Daini foleni hiyo ibandikwe kwenye ofisi ya kata, majina ya shule kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na sababu mbele ya kila moja.

Inafaa maeneo yanayokua haraka kama Iwambi, Isyesye na kule Iganjo, na inafaa mwaka ambao kuna dharura moja inayojulikana na kila mtu, kama vyoo vilivyotitia.

Njia ya nne: mchango wa wazazi

Nitakuwa mfupi, kwa sababu hii si njia ya kugawa fedha za jiji. Ni njia ya jiji kutogawa. Lakini kikaoni huletwa kama chaguo, kwa hiyo tuipime.

Kwa waraka ule wa 2015 ada na michango ya lazima iliondolewa, na Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni kwa ukali ambao walimu wakuu bado wanaukumbuka. Mchango wa hiari wenye kibali unaruhusiwa, na chakula cha mchana cha wanafunzi wa kutwa kimebaki kuwa jukumu la wazazi. Kwa upande wa muda hakuna njia iliyo haraka kama hii: mkutano Jumamosi, tofali Jumatatu. Kwa kukokotoa pia ni rahisi, kila mtu anajua alitoa ngapi. Kwenye uhitaji inafanya kinyume kabisa, maana shule ya wenye nacho inapata nyingi na shule ya mkulima wa viazi inasubiri mavuno, na bei ya viazi ikianguka shule inaanguka nayo.

Makosa yetu wenyewe nayasema. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kamati tulichangisha madawati, tukabandika ubaoni majina ya wazazi waliotoa. Tulidhani huo ndio uwazi. Wiki ya pili watoto ambao majina ya wazazi wao hayakuwepo wakaanza utoro, wengine wakisema wanaumwa tumbo. Tuliibandua karatasi, tukaandika jumla tu. Mmoja wa wale watoto hakurudi mpaka muhula uliofuata, na mama yake hadi leo tukikutana sokoni hunisalimia akitazama nyanya.

Inafaa chakula, na kuanzisha jengo pale wananchi wanapoleta mawe, mchanga na nguvu zao kwa makubaliano ya maandishi kwamba jiji litaezeka. Bila maandishi hayo mnajenga makazi ya mbuzi.

Fedha isiyotajwa kikaoni

Tunaweza kugombania milioni 50 usiku kucha tukasahau fedha kubwa kuliko zote, nayo ni mwalimu. Mwalimu wa ngazi ya cheti analipwa zaidi ya shilingi laki nne kwa mwezi. Shule ya watoto 200 inapokea kapitesheni ya shilingi milioni 1.2 kwa mwaka mzima. Kwa hiyo mwalimu mmoja akihamishwa kutoka mlimani kuja mjini, ndani ya miezi mitatu shule ile imepoteza thamani inayozidi kapitesheni yake ya mwaka, na hakuna karatasi yoyote ubaoni itakayoonyesha.

Na wanahama. Kuna sababu za ndoa, za ugonjwa, za watoto wao kusoma, na sababu nyingi ni za kweli. Dada yangu mwenyewe ameomba mara mbili. Lami ina mvuto. Kwa hiyo njia yoyote mtakayochagua, ulizeni kwenye kikao hichohicho ikama ya walimu, yaani idadi yao, shule kwa shule, na mapato ya ndani yajenge nyumba ya mwalimu mlimani kabla ya kujenga uzio mjini. Hapo nakiri nina upendeleo, lakini chumba anachopanga dada yangu kina dirisha la gunia.

Mkiwa kwenye hali hii, angalieni huku

Kama shule yenu ina zaidi ya watoto 1,000 na tatizo ni vifaa vya kila siku, kichwa kitawatosha, na mkipigania uhitaji mtajipunguzia. Kama ni shule kubwa yenye kitengo cha wenye ulemavu, pigeni hesabu zote mbili kabla ya kunyoosha mkono, kwa sababu uzito wa kitengo unaweza kufidia mnachokatwa kwenye fungu la msingi, au usifidie. Kwa mfano wetu haukufidia.

Kama watoto hawafiki 300 na gari halifiki shuleni Februari, ombeni fungu la msingi hata kama hamtapata uzito wowote. Fungu la msingi peke yake liliwapa wa mlimani milioni 5, zaidi ya kila kitu walichopata kwa kichwa. Ni hoja nyepesi kuieleza kikaoni, na shule kubwa hazitaipinga sana kwa sababu nazo zinapata.

Kama mko pembezoni na vyumba havitoshi, acheni mbili za mwanzo. Hakuna mgao utakaowajengea darasa. Nendeni na takwimu za vyumba na matundu ya vyoo, muulize foleni iko wapi na nyinyi ni wa ngapi.

Kama diwani wenu anataka mchanganyiko, ni jambo linalowezekana: sehemu ya mapato iende kwenye miradi kwa foleni, inayobaki igawanywe kwa fungu la msingi na kichwa. Hapo mjadala uhamie kwenye asilimia, na asilimia iamuliwe kwa miaka mitatu, si kila Januari. Wa Iringa na Njombe wanaonisoma, kwenu kata za pembezoni ni nyingi vilevile. Anzeni na umbali kutoka lami.

Na wenye sekondari za kata, hesabu yenu ina tarehe. Kwa mtaala mpya, watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, sambamba na darasa la saba la mtaala wa zamani. Januari 2028 makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja. Mkigawana kwa kichwa, fedha itawafuata watoto wakiwa tayari wamesimama nje. Kwa mwaka huo mmoja ningepeleka mapato yote ya sekondari kwenye mradi, na ningeanza na bajeti iliyo mezani sasa, maana darasa linalochelewa lenta mwezi wa Novemba Mbeya hunyeshewa hadi Aprili.